Kile Kipande cha Gitaa

Zera, nimeharibu.

Nimemwekea bibi kwenye simu ule wimbo wa zamani wa kantri, muziki wa Wamarekani, wenye gitaa la pedali linalolia. Si nilidhani atafurahi! Akanikazia macho: "Zima."

Zima, Zera! Bibi Mwanajuma huyuhuyu mpenda ngoma!

Kumbe, alivyonisimulia, enzi za Mwingereza, Mhindi mmoja, Jivanji, alikuwa na santuri ya wimbo huohuo dukani kwake, kijijini Mbwera. Babu alikuwa hajiwezi kwa lile gitaa. Siku hiyo mtoto wao wa kwanza, Zaidi, anawaka homa, wanamkimbiza hospitali kwa mtumbwi. Babu akashuka mara moja kwa Jivanji kununua mafuta ya taa, akakuta gitaa linalia. Bibi anaita toka mtumbwini, "Baba Zaidi, maji yanakupwa!" Babu anamwambia Jivanji, "Kirudishe kile kipande, mara moja tu."

Kikarudishwa.

Wakapwelewa njiani, mtumbwi ukakaa topeni. Zaidi akafia mapajani mwa bibi, wanasubiri maji yajae.

Mama alikuwa na kaka, Zera. Nani aliwahi kuniambia?

Bibi hajamaliza kufuta machozi, babu, ambaye siku hizi hata jina langu halikumbuki, akaita toka chumbani: "Kirudishe kile kipande, mara moja tu."