Diski ya Bi Mstari

Jumatatu, 4 Machi

Nimewahi kufika. Ofisi tupu, kompyuta zinavuma polepole kama watu waliolala. Napenda saa hiyo, nasinzia nimesimama. Mara nikasikia moja inagonga — tk, tk. Ya Bi Mstari!

Tunamwita hivyo kwa sababu mchoraji wetu huyu wa majengo hajawahi kupindisha mstari. Na ajabu, kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu haina ukuta ulionyooka: shule ya watoto wasioona. Kuta zinajikunja ili mlio wa hatua umwongoze mtoto hadi darasani. Wenye shule wanakuja wiki ijayo kuiona. Michoro yote imo kwenye diski hiyo; nakala ya akiba ni ya zamani, ya kabla hajaibadilisha yote.

Nimeizima. Diski inayogonga inakaribia kufa; huamshwa mara moja tu, ili inakiliwe kwenye mpya.

Bosi anasema diski zote humu zimezeeka, mimi fundi nichague: za kiwanda kilichotengeneza kompyuta, au za kampuni nyingine.

Jumanne, 5 Machi

Wakala wa kiwanda, kwa simu: ukiweka ya nje, waranti usiniulize. Yake itafika mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi!

Muuzaji wa duka la ng'ambo ya barabara akabandua lebo ya diski kuukuu ya kiwanda. Chini yake, jina lilelile la hizo anazouza. Akacheka — dada yangu, mtu ni yuleyule, kavaa koti tu.

Nimerudi nikiwaza makoti.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejaribu ya duka kwenye kompyuta isiyo na mtu. Onyo la njano: diski haitambuliki. Kisha feni zikapandisha kasi — kompyuta haiwezi kusoma joto la diski ngeni, basi inapuliza kwa nguvu zote. Kumbe koti lilikuwa na kitu mfukoni!

Bosi akapiga kelele kutoka chumbani kwake, hiyo ndege inaruka saa ngapi?

Bi Mstari hakucheka. Alifumba macho, akatembea ukumbini taratibu, uso kaugeuzia ule mvumo, akasimama shibiri moja kabla ya ukuta. Akaniambia, mwanangu, mdogo wangu alikuwa akitembea hivi nyumbani. Nami nikafumba yangu. Nikagonga meza.

Ijumaa, 8 Machi

Bosi: tungoje ya kiwanda, wageni tutawaomba radhi. Bi Mstari akaitikia, akaanza kupanga rula zake kwenye mfuko. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikamwambia bosi: za wengine wote tuagize kiwandani, sitaki ofisi ya ndege. Ila hii moja, ya duka, leo. Akasema likiharibika, jibu ni lako. Nikasema langu.

Sasa inanakili. Feni zinanguruma, nje jua limelala juu ya mabati, naona kama tumo ndani ya kitu kinachosafiri. Bi Mstari kakaa kando yangu.

Nusu imepita. Robo tatu.

Imesimama! Namba haisogei. Nisiiguse — labda inatafuta. Nimemwambia hivyo. Kachukua boksi la diski mpya, kalipasua likalala bapa juu ya mapaja, kachomoa penseli.

Anaichora shule upya kutoka kichwani. Ameanza na mlango.