Shati Ulilonikojolea, Tumpe

Mjukuu wangu Tumpe, huko bwenini Mbeya,

Ugonile, mama. Nataka ujue kwamba mimi ndiye niliyewaokoa wewe na pacha wako Neema, peke yangu, kwa akili zangu. Bibi yako amechungulia begani kwangu, amekohoa. Haya, nimedanganya. Mimi nilikaribia kuwaua kwa majivuno.

Tumbo la mama yenu lilipofura ndani ya wiki mbili hata akashindwa kuinama, nilizunguka Ngana nzima nikitamba kwamba ni wali wa shamba langu. Bibi yako hakutamba. Alimpakia kwenye bajaji hadi Kyela, wakampima kwa mashine ya picha, tukatumwa Mbeya. Daktari akaeleza kwamba mnashiriki kondo moja, na damu yako inakwenda kwa Neema. Wewe unakauka, hata kibofu chako hakina tone. Yeye anafurika, moyo unamlemea. Mnaweza kufa wote wawili. Nilielewa upesi, maana nimelima mpunga: majaruba mawili, mfereji mmoja, na jirani mlafi. Mwambie Neema nimesema hivyo.

Walivuta maji ya tumboni kwa sindano, mara mbili, kisha wakamfanyia mama yenu upasuaji kabla ya miezi kutimia. Neema alitoka mwekundu kama tunda la kakao lililoiva. Wewe ulikuwa umepauka kama dagaa usipa wa juzi.

Mama yenu alimbeba Neema kifuani. Bibi yako alikuwa amerudi kuvuna. Nesi akanigeukia mimi, nivue shati nikuweke ngozi kwa ngozi. Nikamwambia mzee wa Kinyakyusa habebi kitoto kichanga, atachekwa.

“Babu, chagua,” akasema. “Uchekwe, au umzike.”

Nikavua. Nikakufunika kwa shati langu la kanisani, nikakusimulia uongo wangu wote, kwa kuwa hukuweza kubisha. Siku ya tatu nikahisi moto unateremka hadi kiunoni. Umenikojolea. Nilitaka kukasirika, lakini nesi alikuwa anacheka huku anafuta macho: figo zimeamka. Tumpe, nilipita wodi nzima nikiwaonyesha watu shati. Wiki tano baadaye tulirudi Ngana na watoto wawili, na wazee wenzangu wakanicheka hadi wakachoka.

Jana mwalimu wenu alipiga simu. Mbio za wasichana umewaacha wote, na Neema wa pili, anahema. Nimetembea na habari hiyo hadi Kasumulu, nikawaambia hata wanaovuka mpaka. Nimerudi, nimemsimulia bibi yako yote niliyosema. Safari hii hakukohoa.

Sasa, nilikubeba wiki tano, nawe hujanilipa hata fadhila moja. Shati lile ninalo bado. Ukija likizo, nifulie kwa mikono yako. Ila usisugue sana, doa lisije likatoka.

Ndaga, asante, mama.

Babu yenu, mwenye kifua