Semina Iliyofanyika Siku ya Kipaimara

Alhamisi, Mbinga. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kukunja vidole, na nina hasira hadi chai imenishinda.

Leo nimemshtaki meneja wangu.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa napanga majalada ya mradi wetu wa kahawa nikakuta madai yake: semina ya kuzuia chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha buni changa. Kingerikiti, Jumamosi, wakulima thelathini. Posho, chakula, mafuta ya gari, vyote vimelipwa. Wa kwanza kwenye mahudhurio, na sahihi yake kabisa, ni Baba Ndunguru, jirani wa wazazi wangu.

Jumamosi ile Askofu alikuwa Kingerikiti kutoa kipaimara. Nani angekwenda semina? Mtoto wa dada yangu alikuwa anapokea, na Baba Ndunguru nilikaa naye benchi moja kanisani, kisha tukala pilau kwa dada mpaka jioni. Meneja ni mgeni huku, ratiba ya parokia haijui. Alichagua tarehe tu, akajaza majina na kughushi sahihi.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumpa mzee shikamoo. Akanipeleka shambani. Buni zimekuwa nyeusi mti kwa mti, nyingine zimeshaanguka.

"Mwanangu," akaniuliza, "hiyo semina ya dawa mtatuletea lini?"

Nilishindwa kumtazama. Kwenye makaratasi yetu alishafundishwa.

Nikaandika barua. Leo nimemkabidhi mkaguzi aliyetoka makao makuu. Ameisoma, akaikunja, akasema: "Dada, haya mambo yanamalizwa ndani kwa ndani. Mkataba wako unaisha lini?"

Unaisha mwezi ujao, na anayesaini mpya ni meneja huyo huyo. Mkaguzi analijua hilo! Nimemwambia aipokee kwa maandishi, anipe nakala yenye tarehe. Amenipa huku amenuna.

Nimerudi nyumbani nikidhani nitajisikia vizuri. Wapi!

Semina hiyo si ya kwanza. Zipo za Tingi, zipo za vijiji vingine, na kila dai lilipita mezani kwangu kabla ya kulipwa. Nilikuwa sisomi. Naangalia kama sahihi zimetimia, basi, nagonga mhuri.

Kesho nayatoa majalada yote, nianze kusoma. Nikikuta mengine ya namna hii, barua ya pili itanitaja na mimi.