Tarehe Kwenye Chupa za Asali

Mdogo wangu Chiriku,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa, ingawa nakujua: husomi barua umekaa, unasoma huku unapika na mwisho unaunguza. Kifua cha mtoto kinaendeleaje? Shemeji yangu naye, bado anakoroma? Mimi ni mzima, ila mkono wa kushoto umefungwa plasta kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, kwa hiyo usishangae mistari kwenda mshazari. Hakuna mkono wa kushikilia karatasi. Zima jiko kwanza ndipo uendelee.

Bila shaka umeshasikia kwamba nimempiga mume wangu, shemeji yako. Waliokupigia simu wametia chumvi. Sikutumia shoka na hakupoteza jicho. Nilimpiga kwa chupa ya asali ya kilo tatu. Taya limevunjika sehemu mbili, meno matatu yametoka, na sikio la kulia limeshonwa. Kesi inasikilizwa tarehe kumi na mbili. Niko nje kwa dhamana, nalala kwa yule fundi cherehani wa nyumba ya mbele, ambaye ananipikia, ananifungia vifungo vya gauni, na haniulizi kitu.

Uliniandikia ukauliza nimepatwa na nini hata nimvunje mwanamume mpole vile, aliyekuja kwako akakutengenezea bomba la jikoni bila kuombwa. Ni kweli ni fundi bomba mzuri, na mikono yake ina nguvu. Naijua. Sasa nikueleze habari za hiyo asali ya majani unayoisifia kwa majirani zako. Hukuwahi kuniuliza nilianza lini kuitengeneza, na mimi nilishukuru.

Alinifundisha mama mkwe, mwezi wa pili wa ndoa yangu. Shemeji yako alikuwa amenichapa mgongoni kwa mkanda wa suruali, upande wenye chuma, kwa kosa la kumcheka mbele ya rafiki zake. Ngozi ilichanika. Nilikuwa navaa viatu niende zahanati, mama mkwe akatoka chumba chake cha nyuma na chupa mkononi, akanivua viatu mwenyewe, akanilaza kifudifudi na kunipaka. Akaniambia zahanati wana maswali mengi kuliko dawa.

Siku hiyo hiyo akanionyesha kazi. Mrehani unaukausha kivulini mpaka jani livunjike vidoleni, kwa sababu jani bichi linachachusha asali. Unalisaga na manjano makavu, unamimina asali mbichi taratibu huku unakoroga kwa kijiti, unafunga, na kwa wiki tatu unaipindua chupa kila asubuhi kabla hujanywa chai. Mwisho unachuja kwa kitambaa safi. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: siku unayofungua chupa, siku hiyo hiyo uloweke nyingine na uiandike tarehe, usije ukahitaji dawa ukakuta kabati tupu. Hakusema nitaihitaji kwa nini, na mimi sikuuliza.

Dawa inafanya kazi, Chiriku, sikudanganyi. Shemeji yako aliwahi kunichoma paja kwa chuma chake cha kulehemu, leo ukitafuta pale utaona kivuli tu. Aliwahi kunishika nywele akanigonga kwenye fremu ya mlango mpaka nikasahau jina la mwanafunzi niliyekuwa nasahihisha daftari lake, na jeraha likafunga vizuri chini ya nywele. Usoni hakunigusa hata siku moja. Ana akili. Mama mkwe alipougua nikamwogesha, nilitafuta mgongoni kwake nisione alama yoyote, mpaka vidole vyangu vilipogusa ubavu uliounga vibaya. Tukatazamana, akaomba taulo.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia. Mimi ndiye niliyebandikwa na baba jina la Pilipili. Wewe ukichokozwa njiani ulikuwa unakuja kujificha nyuma yangu. Ningekuandikiaje kwamba Pilipili anapigwa? Niliona aibu kuliko nilivyoona maumivu, na hilo ndilo linaloniuma leo kuliko mkono huu.

Mkono aliuvunja Ijumaa, kwa spana ya bomba, kwa sababu nilichelewa kurudi kutoka shule. Nilisikia mfupa kabla sijausikia uchungu. Mama mkwe akaufunga na vipande vya mbao, nikapakwa palipochubuka, na kwa mkono mmoja nikaloweka nyingine kama kawaida. Sikuweza kuigawa, nikaiacha yote kwenye ile chupa kubwa yenye kishikio. Hata tarehe sikuandika, maana hakukuwa na mkono wa kushikilia karatasi.

Kwa polisi nilisema kwamba Jumamosi asubuhi alinijia tena na spana nikajitetea. Wewe nakwambia ukweli. Hakunijia. Alikuwa amekaa mezani na chai yake. Akavuta chupa ya dawa, ile iliyofunguliwa kwa ajili ya mkono wangu, akachota kijiko kizima, akalamba. Akasema majani yamezidi, safari ijayo niweke kidogo ili iwe tamu.

Nilisikia safari ijayo. Nikaibeba ile chupa kubwa kwa kishikio nikampiga nayo shavuni, na kijiko kikiwa bado mdomoni. Ilipasuka. Alianguka na kiti; asali, vioo na damu vikaenda sakafuni pamoja. Alikuwa anajaribu kuinuka kwa magoti, anateleza, nikampiga tena sikioni kwa kipande kilichobaki kwenye kishikio. Nilifurahi, mdogo wangu. Nilifurahi mpaka nikajiogopa, na fundi cherehani alipoingia ndipo nilipoacha. Mama mkwe alikuwa amekimbilia kabatini kwa mazoea. Alirudi na chupa akasimama kati yetu, hajui ampake nani.

Baadaye polisi walimhoji. Akawaambia kwamba katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kupigwa. Shemeji yako naye ameandika, kwa sababu kusema bado hawezi, kwamba mkono niliuvunja mwenyewe nilipokuwa nampiga. Daktari amenikagua mwili mzima, amekuta ngozi nzuri. Wakili wangu, binti mdogo asiyepepesa macho, aliniuliza kama kuna zahanati, picha, jirani aliyeona, karatasi yoyote. Nikasema hakuna. Asali ilikuwa imefuta kila kitu.

Nimeamua kumwambia hakimu kama nilivyokuambia wewe, kwamba alikuwa amekaa. Nimeficha vya kutosha. Wakili ananiambia nikisema hivyo na mikono mitupu, nitafungwa miaka mingi. Usiku kucha niliwaza, na alfajiri nikakumbuka kabati lako.

Kila nilipoloweka, niliigawa kwenye chupa mbili: moja ya dawa, moja yako. Tarehe ni ile ile. Ulikuwa unanitania kwamba nasahihisha hata asali, kwa sababu naandika kwa kalamu nyekundu. Sijawahi kuloweka siku nyingine yoyote, Chiriku. Kila tarehe nyekundu uliyo nayo ni siku niliyopigwa. Mwalimu mkuu ameshakubali kuleta daftari la mahudhurio, na siku hizo nimeandikiwa homa, homa, homa. Mwaka juzi ulinuna kwamba miezi mitatu mizima sijakuletea asali, ukauliza kama nimekuchoka. Shemeji yako alikuwa amepata kazi ya mbali, nami nilikuwa nalala chali.

Najua hutupi chupa, unawekea viungo. Vimwage popote, uziache zilivyo, usizioshe wala kubandua karatasi. Kwa hesabu yangu ni kumi na saba. Zifunge kwa nguo zisigongane, na uzilete mwenyewe kabla ya tarehe kumi na mbili.

Kati ya hizo kuna moja hujaifungua. Ni ile niliyokutumia baada ya harusi yako, ambayo sikuja. Nilikuambia nilishikwa na malaria, hukuniamini, ukaapa hutaionja mpaka nije kukuomba radhi kwa mdomo wangu. Nenda kaisome tarehe yake. Nilikuwa nimeshavaa gauni ulilonishonea, nimefika mlangoni na begi. Ukifika nitakuomba radhi kwa mdomo wangu, lakini chupa hiyo usiifungue hata hivyo. Nataka hakimu aione ikiwa imejaa.

Nisalimie shemeji yangu na majirani zako wote wanaoisifia. Mtoto akikohoa mnunulie dawa ya dukani. Ya kwangu nitamtengenezea tena siku nikiwa na sababu nyingine.

Ni mimi dada yako, niliyekuwa nakuficha nyuma yangu,

Pilipili