Daftari la Chumba cha Baridi

Kwako Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumai miguu imepungua kuvimba. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo ni mzito.

Bila shaka umeshasikia kwamba maabara hii bila mimi ingekuwa imefungwa kitambo. Maprofesa wana vyeti. Ufunguo wa chumba cha baridi ninao mimi. Hata yule bakteria wa mwanao, anayekula gesi ya methani kwenye tope baridi ambako wenzake hushindwa, mlezi wake nilikuwa mimi. Jenomu yake ilipokwisha kusomwa, yaani maandishi yote ya uhai wake, herufi zaidi ya milioni nne, nilimwambia fundi umeme kuwa tumeisoma sisi, mimi na mpwa wangu. Akacheka, eti mimi hata gazeti naishia kwenye picha. Nikamwambia wivu huo.

Sasa Dada, bakteria wamekufa. Chupa zote kumi na mbili. Profesa amesema maandishi bila mwenyewe ni barua ya marehemu: utaisoma, ila hutamuuliza neno. Mwanao alishaona kwenye jenomu mahali panapompa bakteria huyo ustahimilivu wa baridi, ikabaki kupajaribu kwa bakteria walio hai. Wakafungua daftari la mlangoni, ninapoandika joto la chumba asubuhi na jioni. Nyuzi nne, nyuzi nne, wiki nzima. Basi wakasema chumba hakina kosa, yeye ndiye aliyekosea kuwalisha. Jumatatu ajieleze, la sivyo aache nafasi. Najua yuko kwako, hali chakula, na anasema hana akili ya kazi hii.

Mwambie anayo. Mtambo wa baridi ulizimika katikati ya wiki. Ijumaa nilikuta maji yametoka chini ya mlango. Nikauwasha mtambo kwa swichi ya nje, nikapangusa, nikanyamaza. Zile nyuzi nne niliziandika zote siku ya kwanza ya wiki, kwa mkupuo mmoja, nimeketi kitini. Kesho nampelekea Profesa daftari mkononi. Wakinifukuza, wanifukuze.

Wasalimie wote hapo nyumbani, lakini hili usiwasomee. Si uvivu, Dada. Mwezi uliopita mlango ule ulinifungia ndani robo saa. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili, nikamlilia mama, naye tulishamzika, mpaka mfagiaji akaja kunifungulia. Tangu siku hiyo sijaingia tena.

Ni mimi, mdogo wako.