Yasinta kwenye meza ya kahawa

Jumatatu, 3 Septemba 1984
Nimekamua, nimefagia, kisha nikaenda na binti yangu Yasinta ghalani kwenye shamba la kahawa. Leo kaanza kuchambua buni mezani na wanawake wengine. Nyapara Tluway kamkubali kwa sharti: kiziwi aje na mtu wa kumtafsiria. Nani mwingine? Ishara za mikono tumezitunga wenyewe nyumbani, mimi na yeye. Nimesimama nyuma yake mchana kutwa. Miguu inawaka.

Jumatano, 5 Septemba
Wanawake mezani wanacheka. Yasinta naye anacheka. Anacheka nini, na hasikii? Nimemuuliza njiani. Kainua mabega tu.

Ijumaa, 7 Septemba
Ng'ombe kakwama kuzaa, nimeshindwa kutoka. Yasinta kaenda peke yake, nimemzuia hakukubali. Naogopa. Akifukuzwa, ndiyo basi tena: Karatu nzima hakuna mwingine atakayemchukua.

Jioni
Ndama mzima. Yasinta karudi na wenzake, kala, kalala. Hakufukuzwa. Sasa wamesemezana vipi? Usingizi hauji.

Jumamosi, 8 Septemba
Nimemfuata kwa mbali. Nikachungulia dirishani. Mama Basilisa, jirani yake mezani, anagonga meza. Yasinta anainua macho, mikono inaanza. Ishara zetu zile zile, hata ya chumvi. Na nyingine sizijui kabisa. Nani katunga?
Wakaniona. Meza nzima ikaweka kiganja juu ya macho na kunyoosha shingo. Vicheko. Nikauliza ndiyo nini.
"Jina lako hilo, dada," Mama Basilisa kasema. "Mwanao ndiye aliyekubatiza."
Nyapara naye akatoka. "Mama Yasinta, Jumatatu pumzika. Nimeandika binti, sikuandika ukoo."
Nikasema sharti ulitoa wewe. Kasema kalifuta jana, walielewana bila mimi.
Nimerudi na hasira. Nilitaka apate kazi, kapata. Mbona naumia?

Jumatatu, 10 Septemba
Kaondoka alfajiri, hakugeuka. Nimepalilia. Mchana mrefu.
Usiku baada ya ugali nikamuuliza kwa ishara: nyapara mnamwitaje? Kabana pua kwa vidole viwili, akapiga chafya ya ugoro. Nimecheka mpaka machozi. Nikaomba nyingine, nikaiga. Ya tatu imenishinda. Kanishika mkono, akanipanga vidole kimoja kimoja, taratibu, kama mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima.