Foto yenye haikungoya

Séphora, uko? Niko na haya mpaka sijui nijifiche wapi.

Ile page ya condoléances ya papa, kwenye bantu banaandika pole ku internet, nilipanga ordinateur, kompyuta ya nyumba, iifungue yeye mwenyewe asubuyi, ipige foto, itoe karatasi. Leo njo mwisho wa kilio. Nikakamata karatasi bila kuangalia, nikasimama mbele ya bantu bote ba mtaa yetu ya Kampemba.

Nikasoma: "Hakuna ujumbe."

Miaka makumi tatu papa alifundisha, Séphora! Hakuna ujumbe!

Mama akaniuliza, "Kapinga, hata mwanafunzi moya?" Mara mbili aliuliza. Yaya Adrien, kaka yangu mukubwa, akasema, "Kaa tu."

Nikakimbia ku ordinateur. Kumbe ilipiga foto vile page ilifunguka tu, kabla ya maneno ya bantu kuingia! Nikaiambia ingoye secondes kumi. Yakaingia: ujumbe makumi sita na moya. MAKUMI SITA NA MOYA!

Nikarudia ku kilio mbio. Bantu bote balishaenda na ile "hakuna" mu kichwa. Mama naye balishamupeleka kwa yaya Adrien.

Kulibakia tu muzee mwenye kukodisha viti, alikuya kubeba viti vyake. Nikamusomea yote.

Njo yeye tu aliningoya nimalize.